Ukweli Kuhusu Zile Boksa

Najua beshte yangu ameshaitapakaza kwenye stetasi hadithi ya siku programu yangu iliponiaibisha mbele za watu. Ametia chumvi, tena aliingia mwishomwisho akileta chai, kwa hivyo isikieni kwangu.

Mama mwenye duka la jumla pale Nyamakima, Nairobi, alikuwa amewaita wenzake wa chama waje waone programu ya kutafutia bidhaa niliyomtengenezea. Projekta ya kukodi imewaka, picha imejaa ukuta.

"Andika sufuria," Mama akaniambia. Sufuria zikashuka kwa foleni, na picha, na bei. Makofi. "Haya, ifungue tuone saizi."

Nikabonyeza.

Kiuno cha mwanamume. Ukuta mzima. Boksa nyekundu, bei ya dazeni.

Mtu alikohoa. Mama akatoa miwani kwenye mkoba, akaipangusa kwa leso bila haraka, akaivaa, akatazama tena. Nami nikajikuta nasema, "Hilo ni tangazo tu." (Acheni kucheka, nyinyi mngesema nini?) Nikarudi nyuma, nikabonyeza kikombe. Boksa. Thamosi. Boksa. Mweka hazina, ana kilemba cha kanisani, akaninong'oneza kwa huruma: "Kijana, hebu jaribu mwiko." Nikajaribu mwiko. Kiuno kikarudi, na naapa safari hii kilikuwa kimenenepa.

"Mwanangu," Mama akauliza, "kwani stoo hatuna kitu kingine?"

Wasee wa kompyuta, mchawi ni huyu: ukibonyeza bidhaa, programu inaifungua kwa nambari yake, na nambari hizo zina tarakimu 19. Injini ya utafutaji inazituma nzima nzima. Maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu, inayopokea majibu ndiyo inazigeuza kuwa namba za kawaida za JavaScript, na hizo zikipita 9007199254740991 zinaanza kupoteza tarakimu za mwisho. Kwenye tarakimu 19 zinaruka kwa hatua za 128 au zaidi, na nambari ya katikati inasukumwa hadi hatua iliyo karibu. Bidhaa zilizoingizwa kwa mkupuo mmoja nambari zao zinafuatana, basi zote zikasukumwa hadi nambari moja. Na katika stoo nzima, mwenye nambari hiyo ni nani? Boksa. Data ya majaribio ilikuwa na nambari fupi, kwa hivyo haikufichua kosa.

Siku hizi nambari zinasafiri kama maandishi, ukibonyeza sufuria unapata sufuria. Malipo nilipata. Na mweka hazina, wenzake walipotoka, alirudi kuuliza kama zile nyekundu zipo za saizi ya mzee wake.