Rekodi ya Nima Rinji ni ya nani?

Tarehe 9 Oktoba 2024, kijana wa Kinepali mwenye miaka 18, Nima Rinji Sherpa, alisimama juu ya Shishapangma, mita 8,027, huko Tibet. Kilikuwa cha mwisho kati ya vilele 14 vinavyopita mita 8,000 duniani. Alianzia Manaslu mwezi Septemba 2022 akiwa na miaka 16, akavimaliza vyote kwa siku 740. Aliyekuwa na rekodi hiyo ya umri kabla yake, Msherpa mwenzake (Washerpa ni kabila la milimani Nepal) Mingma Gyabu, alimaliza akiwa na miaka 30.

Pongezi hazijapoa, maneno yakaanza. Wenye shaka wanamtaja Reinhold Messner, mtu wa kwanza kumaliza vilele 14, mwaka 1986: kazi ya miaka 16, bila mtungi hata mmoja wa oksijeni. Siku hizi kamba hufungwa njia nzima kabla mteja hajavaa viatu, na helikopta humtoa mtu mlima huu ikampeleka ule. Tena Nima si mtoto wa mpagazi. Baba yake, Tashi Lakpa, ana kampuni yake ya kupandisha watu milima, 14 Peaks Expedition, na baba zake wakubwa, Mingma (si yule Gyabu) na Chhang Dawa, ndio ndugu wa kwanza duniani kumaliza vilele vyote hivyo.

Siipuuzi hoja hiyo, kwamba kijana alibebwa na kamba, helikopta na familia yenye uwezo. Ila swali moja linanirudia: kamba hizo hufungwa na nani? Aprili 18, 2014, barafu iliporomoka Khumbu, chini ya Everest, ikaua Wanepali 16 waliokuwa wakiwaandalia wageni njia na kuwapandishia mizigo. Mwaka 2023 Kristin Harila wa Norway na Tenjen Sherpa walimaliza vilele 14 kwa siku 92. Oktoba ya mwaka huohuo Tenjen alifunikwa na theluji akimwongoza mteja Mmarekani, juu ya Shishapangma, mlima uleule ambao Nima alikuja kushangiliwa mwaka mmoja baadaye. (Wagumu, yaani wapagazi, wa Kilimanjaro hawahitaji kufafanuliwa habari hii.)

Nima mwenyewe amesema anataka Washerpa waache kuonekana wasaidizi tu. Hapo nipo naye, ingawa nadhani kilichobadilika zaidi ni mfuko. Baba wa kijana huyu na ndugu zake walipanda milima kwa ajira, kisha wakawa wenye kampuni. Mtoto akapanda kwa jina lake. Anayebeba mtungi kwa ujira bado yuko palepale, na huenda sasa tajiri wake ni Msherpa.

Kinachonitia hofu ni umri. Nepal inaruhusu mtu kupanda Everest akifikisha miaka 16. Atakayetaka kuivunja rekodi hii lazima aanze akiwa bado mtoto, na kule juu hewa ina oksijeni kama theluthi tu ya iliyopo pwani. Mtoto huyo ataamua mwenyewe, au wataamua wafadhili?

Nima hakungoja kubishana. Majira ya baridi yaliyofuata alirudi Manaslu na Mwitaliano Simone Moro, bila mitungi, bila kamba za kufungiwa. Januari 2025 wakageuza, kilele hawakukifikia.