Namba 15 haitoshi kuwa mpaka wa uhai

Vyombo vya anga vya Viking vya Marekani vilipotua Mars mwaka 1976, kipimo kimoja kilitoa matokeo yaliyofanana na ya uhai, kingine kikashindwa kuona molekuli za kaboni za kuaminika kwenye udongo uleule. Mabishano hayajaisha. Ndiyo maana kipimo kinachotoa namba, bila kudai kiumbe afanane na wa Dunia, kinavutia.

Mwanakemia Lee Cronin wa Chuo Kikuu cha Glasgow na mwanafizikia Sara Walker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wanacho kipimo hicho. Nadharia yao ya uunganishaji huhesabu hatua chache kabisa za kujenga kitu, na kipande kilichokwisha kujengwa hutumika tena bure. Chukua PILIPILI: PI, LI, PILI, kisha PILI mara mbili, hatua 4. MWENYEJI nalo lina herufi 8, ila hakuna jozi inayojirudia, kwa hiyo hatua 7. Kwenye molekuli, badala ya herufi huhesabiwa vifungo vya atomu.

Nguvu yake ni kwamba hupimika. Spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, huchuja molekuli za uzito mmoja, huzivunja, na kadiri vipande tofauti vinavyoongezeka ndivyo hatua zinavyokadiriwa kuwa nyingi. Katika majaribio yaliyochapishwa 2021, sampuli za kibiolojia pekee ndizo zilizovuka hatua 15. Kemikali zilizotolewa kwenye kimondo cha Murchison, kilichoanguka Australia 1969, hazikufika. Wiski ilivuka, na wiski haiishi: kinachopimwa ni alama ya uhai, si uhai wenyewe.

Wapinzani wana hoja mbili zisizolingana uzito. Mtaalamu wa kompyuta Hector Zenil anasema hesabu hii ni mbinu ya zamani ya kubana data iliyopewa jina jipya. Hata akiwa sahihi, kipimo cha zamani chaweza kufanya kazi mpya. Hoja ya mtaalamu wa madini Robert Hazen na wenzake, ya 2024, ndiyo inayouma: ayoni kubwa za madini (molekuli zenye chaji ya umeme), zisizohitaji kiumbe chochote, kihesabu zinaweza kuvuka 15. Watetezi hujibu kwamba kikomo kile kiliwekwa kwa molekuli za kaboni. Sawa, lakini basi ni kanuni ya kaboni, si fasili ya uhai popote.

Upande wa pili, kiumbe cha molekuli ndogo kingepita bila kuonekana. Glisini, asidi amino ndogo, imo mwilini mwetu na imo Murchison pia. Peke yake haithibitishi lolote.

Maabara kuna mtego mwingine. Molekuli tofauti zenye uzito uleule zikichujwa pamoja, vipande vyao huchanganyika na namba hupanda kwa uongo. Lami ya kikemia, mchanganyiko wenye maelfu ya molekuli za aina hiyo, yaweza kudanganya mashine. Zitenganishwe kwanza kwa kromatografia, mbinu ya kutenganisha molekuli zilizochanganyika, hata kama hilo litaongeza uzito wa chombo kinachorushwa angani.