Banakulipaka ngapi?

Watu wa Lubumbashi wakisikia kwamba Jumamosi zangu zinaishia Katuba, moja ya mitaa ya mji wetu, nikijitolea kukaa na vijana na kuwasikiliza, swali ni moja: "Banakulipaka ngapi?", yaani wanakulipa kiasi gani? Siwalaumu. Mji huu ulijengwa juu ya shaba na mshahara, kisha miradi ya wafadhili ikatuzoesha kuwa hakuna mkutano bila pesa ya usafiri. Nikisema silipwi, wanahisi nina mfadhili ninayemficha.

Nafaidika, tena sana, na sioni haya kulisema. Anayedai anawalea vijana bila yeye kupata chochote namwogopa kidogo, maana siku moja atawadai shukrani.

Wazee wetu walikuwa wakisema Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni, na baadaye Gécamines ya serikali iliyoirithi, ni baba na mama. Kampuni ilitoa nyumba, unga, hospitali, shule. Mtoto wa mfanyakazi aliiona njia yake mapema: darasani, kisha kiwandani nyuma ya baba yake. Ilipofika mwaka 2003, ukaanza mpango wa kuacha kazi kwa hiari, kwa msaada wa Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka. (Waliokuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara wanajua hiyo ilikuwa hiari ya namna gani.) Tangu hapo baba wengi wana upendo wote wa kumpa mtoto, ila njia ya kumwonyesha hawana. Kijana akikaribia mtihani wa taifa anaambiwa aende Kolwezi kuchimba kobalti, au atafute mkubwa wa kumwingiza kazini. Mtu mzima wa kukaa naye tu, asiye mzazi wala asiyemdai kitu, ni adimu.

Mimi nakaa naye. Kazini kwangu nalipwa kwa kusema. Katuba kazi yangu kubwa ni kunyamaza, na hilo limenibadilisha hata nyumbani. Kijana mmoja alikuwa akiniletea hesabu ambazo tayari anazijua. Nikazitazama naye bila haraka, wiki baada ya wiki, mpaka akatoa lililokuwa moyoni: anataka kujifunza kuchomea vyuma, na baba yake amekwisha kuwatangazia ndugu wote habari za chuo kikuu. Sikumwambia afanye nini. Nilimuuliza tu angeanzaje kuyasema. Akayasema mwenyewe.

Baba yake akanijia amekasirika. "Mutoto alikuwa wa kuenda ku inivesite. Weye ulimuambia nini?" Tulibishana hadi giza likaingia. Kumbe mzee alifanya kazi kwenye tanuri la shaba, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake. Leo tukikutana sokoni ananishika mkono na kunieleza namna shaba ilivyoyeyushwa enzi bomba kubwa la kiwanda lilipokuwa likitoa moshi.

Wapo wanaotoweka machimboni na simu zao hazipatikani tena. Inauma, na sina dawa yake. Lakini katika mitaa ambako sina ukoo, naitwa yaya, yaani ndugu mkubwa, na mama wa watu wananiwekea bukari, ugali wetu.

Rafiki yangu mmoja anasema tunaojitolea tunaipunguzia serikali mzigo wake. Ana haki kwa nusu. Walimu wakiajiriwa wa kutosha na kulipwa vizuri nitashangilia, na Jumamosi inayofuata nitakwenda Katuba vilevile, maana mzee hajamaliza habari za tanuri.