Lafudhi ya nyumbani: ipi irekebishwe, ipi iachwe?

Kenya kuna neno la mtaani kwa mtu ambaye lugha ya kwao inasikika ndani ya Kiingereza chake: ameshrabu. Neno hilo huja na kicheko, na mwanafunzi akishachekwa mara moja huogopa kunyoosha mkono tena.

Kwamba lugha ya kwanza huacha alama, hilo halina ubishi. Kijaluo hakina sauti ya "sh", hivyo "fish" hutoka "fis". Kikuyu hakina "l", ndiyo maana "play" husikika "pray". Katika Kiganda, "l" na "r" ni sauti moja: baada ya "e" na "i" hutoka "r", kwingineko "l". Mganda anayesema "led" akikusudia "red" habahatishi. Anafuata kanuni ya kwao kwa uaminifu kabisa.

Kiswahili nacho kina mizigo yake. Irabu zetu ni tano, za Kiingereza sanifu cha Uingereza ni zaidi ya kumi, kwa hiyo "ship" na "sheep" huwa neno moja. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tukauhamishia hata "development". Lakini lugha hiyohiyo hutoa zawadi ambazo darasani hazitajwi. Aliyezoea kutamka vizuri "thamani" na "dhahabu" tayari anazo "th" mbili za Kiingereza, wakati wengi wa bara husema "samani" na "zahabu". Na lahaja zinatofautiana pia. Msemaji wa Kimvita hutenganisha paa la nyumba na p'aa wa porini kwa pumzi inayofuata "p", na pumzi hiyo ndiyo inayosikika mwanzoni mwa "pin". Mtoto wa Mombasa aliyelelewa kwa Kimvita anaanza na kitu ambacho mwenzake hana budi kujifunza.

Wanaodai lafudhi irekebishwe wana hoja nzito. Kwenye simu, ambako uso hauonekani, "rice" ikisikika "lice" msikilizaji mgeni anapotea, na anayeumia ni msemaji: kazi hapati, au anaombwa arudie hadi akate tamaa.

Upande wa pili una ushahidi. Watafiti wa matamshi Murray Munro na Tracey Derwing walionyesha mwaka 1995 kwamba mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito na bado akaeleweka vizuri. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, zilizoanza kutumika 2008, zinamruhusu rubani mwenye Kiingereza cha kiwango cha 4, kile cha chini kinachokubalika, awe na matamshi yenye athari ya lugha yake ya kwanza, mradi yatatize kueleweka wakati mwingine tu. Ikiwa hilo linatosha angani, sioni kwa nini lisitoshe darasani.

Hata hivyo, siwafuati wanaosema kila lafudhi iachwe ilivyo. Mwanaisimu Jennifer Jenkins alipendekeza mwaka 2000 kwamba watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza wanapokizungumza wao kwa wao, urefu wa irabu na konsonanti nyingi ni muhimu, lakini "th" si lazima. Naona ni mgawanyo wa haki. Saa zinazotumiwa kumkunja mtoto ulimi kwa "th" zingehamishiwa kwenye "l" na "r", irabu ndefu na fupi, na mkazo. Mahadhi ya kwao aachiwe.

Ugumu uko kwenye mitihani. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, hupima stadi za kuzungumza kwa maandishi. Mtahiniwa anaweza kutakiwa aandike neno linalotamkwa sawasawa na jingine. Akiandika "ship" mbele ya "sheep", hapati alama, ingawa kwa sikio la irabu tano jibu lake ni sahihi. Hakuna aliyemfundisha kuusikia tofauti ule urefu, na mwalimu wake mwenyewe huenda anayatamka yote mawili vilevile. Mazoezi ya kusikiliza yangetangulia, na yangeanza na mwalimu, chuoni anakosomea ualimu.