Sweta ya Papa

Mimba ya dada yangu ilipoingia mwezi wa tano, huko kwake South C, Nairobi, haikutaka udongo wala ndimu wala embe bichi kama mimba za watu. Ilitaka papa. Tena si papa wa kununuliwa Nairobi. Huyo shemeji alishamleta mara mbili, na mara mbili akatupwa na sufuria yake. Alitaka papa wa Lamu, aliyetiwa chumvi Lamu, akaanikwa kwa jua la Lamu, na kama ingewezekana awe ametuliwa na nzi wa Lamu.

Mtu wa kumpeleka akatafutwa, akaonekana ni mimi. Kazi yangu ni kuchonga milango, hapa Mkomani, Lamu, na mtu anayekaa na mlango mmoja miezi miwili watu humhesabu hana haraka ya jambo lolote.

Mama alikwenda kwa wavuvi mwenyewe. Alichagua, akanusa, akarudisha, akanusa tena, mpaka akapata papa wa kumridhisha: mkavu kama ubao, mweupe kwa chumvi, na harufu ya kumsimamisha punda njiani. Kilo nne. Kazi ikawa kumfunga. Mwaka 2017, mwezi wa Juni, ndipo abiria walipoanza kupanda treni mpya ya Mombasa na Nairobi. Na mwaka huo huo, Agosti, serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Aliyeyafuatanisha mambo hayo mawili hakuwa na dada mjamzito. Zamani Mama angemtia papa katika mifuko sita, mmoja ndani ya mwingine, na hata paka wa Lamu wasingemjua alikopitia. Sasa alikuwa na magazeti, majani ya mgomba na akili zake.

"Tukua sweta, mwanangu. Huko bara kuna baridi."

"Mama, nakwenda kwa treni, sendi kwa baiskeli. Treni ina milango na madirisha."

Hakunijibu. Alikwenda chumbani akatoka na sweta ya marehemu baba, ya sufu, ya kijivu, nzito kama deni. Akamlaza papa juu yake na magazeti yake, akamviringisha, kisha akaipitisha mikono ya sweta mbele na kuifunga fundo, kama anayemvisha mtoto mwenye kifua. Juu ya hapo gunia, na juu ya gunia kamba.

"Yeo itamfunika papa," akasema. "Kesho itakufunika wewe."

Mimi nikacheka.

Ratiba nilikuwa nimeandikiwa na shemeji kwenye simu. Boti ya alfajiri mpaka Mokowe. Basi la saa moja mpaka Mombasa. Matatu mpaka Miritini. Treni ya saa nne usiku, kufika Syokimau saa tisa na nusu au hapo karibu. Kungoja kukuche, kisha matatu ya Mombasa Road mpaka South C. Vipando vitano, na kila kimoja kimeshika mkia wa mwenzake. Wote kwetu walikuwa na hakika kwamba nitakosa kimoja. Sikukosa hata kimoja. Ratiba haikuwa na kosa. Aliyekuwa na kosa ni msafiri.

Njia ya basi sina la kusema. Witu, Garsen, mto Tana, kushuka na kitambulisho mkononi kwenye vizuizi vya polisi, kupanda, kushuka tena. Malindi tukapewa muda wa kula, na wali ukiwa bado mdomoni nikampigia Mama kumwambia jasho lanitoka mpaka kwenye masikio, na kwamba kwa hiyo sweta Mola ampe thawabu zake.

Miritini, kabla ya kuingia stesheni, mizigo hupangwa chini mstari mmoja, wenyewe mkakaa kando, akapitishwa mbwa wa kunusa. Mbwa alikuja akikagua masanduku kama mhasibu mwenye risiti: hili, haya, lile, haya. Alipofika kwenye gunia langu akasimama. Akainamisha kichwa upande. Kisha akalala chini kando yake na kuweka kidevu juu ya kamba, akafumba macho.

Askari akamvuta. Hakwenda. Akamvuta tena. Abiria wote wakaniangalia, na mimi nikaangalia gunia, nikihesabu kimoyomoyo tohara ya mate ya mbwa: maji mara saba, moja kwa mchanga.

"Mzee, una nini humu?"

"Papa."

"Wa Roma?" akauliza mtu nyuma yangu, na watu wakapata la kucheka.

Askari akainama akanusa mwenyewe. Aliinuka haraka kuliko alivyoinama. Akanitazama machozi yakimlenga, akasema kwa upole kabisa: "Hii, mzee wangu, isifunguliwe humo ndani."

"Wallahi haifunguliwi mpaka South C," nikasema. Naomba kiapo hicho kikumbukwe.

Tiketi yangu ilikuwa ya daraja la kawaida, shilingi 1,500: viti vitatu upande huu wa ujia, viwili upande ule, na mnakaa mkitazamana. Mimi dirishani. Mbele yangu mwalimu wa sekondari, alijitambulisha hivyo kabla hata ya salamu. Kando yake mama mmoja wa Kaloleni aliyekuwa akienda kumwona mwanawe Kitengela. Kando yangu kijana wa Nairobi aliyeziba masikio kwa hedifoni. Gunia nikaliweka chini ya kiti, kati ya visigino vyangu. Saa nne ilipogonga treni ikaondoka, bila mluzi, bila moshi, bila hata kutikisa maji kwenye chupa ya mwalimu.

Babu yangu alizoea kutusimulia treni ya zamani, ile iliyolala njiani usiku kucha: mnafungua dirisha, mnapokea upepo, Voi mnanunua ndizi kwa kunyoosha mkono. Treni hii hufika kwa saa tano na kitu, lakini madirisha yake hayafunguki. Upepo unatoka juu, kwenye kiyoyozi, na kiyoyozi hakijui kwamba kuna watu wamevaa shati la mikono mifupi, kikoi na makubadhi.

Kufika Mariakani nilijikunyata. Baada ya hapo nilikaa juu ya mikono yangu. Kwetu Lamu mtu husema baridi pale kusi inapovuma mwezi wa saba, akajifunika shuka moja na kuomba tangawizi. Nilichokiona humo hakina jina kwa Kiamu. Kufika Voi vidole vya miguu nilikuwa navijua kwa kuviona tu. Meno yakaanza kupiga chapuo. Na kati ya visigino vyangu, shibri moja chini, kulikuwa na sweta ya sufu, nzito, kavu, imejaa tele. Imemfunika papa. Papa hakuwa na haja nayo.

Nikakaa na kile kiapo. Nilikizungusha huku na huku kama mtu anayetafuta ufa kwenye ubao. Saa saba kasoro, tukiwa Tsavo, watu wote wamelala, nikauona ufa. Mimi niliapa kutofungua gunia. Je, niliapa kutotia mkono?

Nikainama chini ya kimeza. Nikalegeza kamba, kidogo, upana wa ngumi. Nikatia mkono. Nikapapasa gazeti, jani, gazeti, halafu sufu! Nikaukamata mkono wa sweta na kuuvuta polepole, na ukaja. Ukaja vizuri. Ukafika kwenye fundo la Mama. Sasa fundo la Mama, boti za Lamu zimefungwa kwa hilo hilo na kusi ikazikuta hapo hapo. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Nikavuta kwa nguvu za mtu anayekufa kwa baridi. Kamba ikakatika, sweta ikatoka yote kwa mkupuo, na mkono wake ukiwa umemshika mkia, kama watu wanaosalimiana, akatoka papa. Akaruka juu ya kimeza na kumlalia mwalimu kifuani.

Kiyoyozi kikafanya kazi yake. Kiliichukua harufu na kuigawa kiti kwa kiti, mbele na nyuma, mkubwa na mdogo, bila upendeleo. Mgao wa haki namna ile sijauona hata kwenye mirathi.

Mtoto wa kwanza kulia alikuwa mbali sana, kule mlangoni. Akafuata wa pili. Mzee mmoja akaamka akisema "Innaa lillahi," akaanza kuuliza ni nani. Kijana wa kando yangu akavua hedifoni, sijui aliona harufu inaingilia masikioni. Mwanamke akasema tumegonga mnyama. Nje huko, porini, ndipo walipoishi wale simba wawili wa 1898 waliokula wajenzi wa reli ya kwanza. Lau usiku ule wangekuwepo na dirisha likafunguka, nadhani wangeomba radhi na kurudi walikotoka.

Mwalimu alimwinua papa kwa vidole viwili na kumweka mezani.

"Hii," akasema, hata usingizi haujamtoka vizuri, "ni amonia. Mwili wa papa huhifadhi urea, ndiyo inayomwezesha kuishi katika maji ya chumvi. Akishakufa, ile urea hugeuka..."

"Mwalimu, mtihani kesho!" mtu akapiga kelele. "Fungua dirisha!"

"Halifunguki!" wakajibu watu kumi.

Mhudumu akaja na kopo la manukato, akapuliza juu, akapuliza chini, akanipulizia na mimi. Papa hakuondoka. Ilikuwa sasa ni harufu ya papa aliyevaa kwenda arusini. Mimi nimekaa na sweta mapajani, nafikiri habari ya kafara ya kiapo, kulisha masikini kumi, na kujiuliza kama behewa zima nililolilisha halitoshi.

Ndipo mama wa Kaloleni alipofumbua macho. Hakukunja uso. Alivuta pumzi ndefu, ya taratibu, ya mtu aliyerudi kwao.

"Ni wa wapi huyu?"

"Lamu, mama."

"Nilijua." Akamgusa ubavu kwa kucha, akaisikiliza sauti yake. "Kipande pesa ngapi?"

"Mama, si wa kuuza. Ni wa mja mzito."

"Basi nipe kipande kimoja nikustiri."

Nikamkatia kwa mkono, maana visu havipandi treni. Akakitia kwenye mkoba wake, akasimama, akafungua leso kiunoni, na huku akimfunga papa akalihutubia behewa: kwamba wao nyama zao zikifuka moshi barabarani kila Jumapili hakuna anayelia, na kwamba mwenye pua nyepesi aiweke mfukoni mpaka Syokimau. Watu wakanung'unika, lakini waliketi. Papa akarudi guniani ndani ya leso. Maandishi ya leso yalikuja juu, na nikayasoma kwa mwanga wa ujia: WASTARA HAZUMBUKI.

Nikavaa sweta. Jamani, ile sweta! Joto lilianzia mabegani likateremka mpaka kwenye makubadhi. Mwalimu akahamia kiti cha mbali, akasema anataka kunyoosha miguu; kijana akamfuata bila kusema anataka nini. Nikabaki na viti vitatu peke yangu, nikajilaza kwa urefu. Tiketi ya daraja la kawaida, usingizi wa daraja la kwanza.

Syokimau ilikuwa na umande na baridi ya kukata, na mimi sikuisikia hata kidogo. Kulipokucha, manamba wa matatu akanishika bega, akanusa, akaniachia bega. "Buda, hiyo harufu nayo italipa kiti chake." Nikalipa viti viwili. Sikubishana naye, hesabu yake ilikuwa sawa.

Dada alifungua mlango, tumbo mbele. Nikamkabidhi gunia kwa mikono miwili kama posa. Akalipokea, akampa mumewe bila kulitazama, kisha akanisogelea. Akanusa bega langu.

"Vua."

"Nini?"

"Sweta. Vua, kaka yangu, tafadhali."

Akaichukua akazika uso ndani yake, akaketi nayo kitini, akashusha pumzi ambayo shemeji aliniapia hajaisikia tangu mimba iingie. Papa tulimpika kwa nazi jioni ile, akatoka mtamu. Dada alionja kipande kidogo, akasogeza sahani, akavuta sweta puani. Shemeji na mimi tukamla papa siku tatu. Usiku sweta ililala kitandani, na shemeji akaja sebuleni na mto wake, tukagawana mkeka.

Juma lililofuata nikarudi, kwa treni ya usiku ile ile, nikitokea upande wa pili. Sweta niliiomba mara moja tu. Jicho nililotazamwa nalo sikurudia. Nilipewa leso. Stesheni nikapanga mkoba wangu mstarini, na mbwa wa huko akaupita kama hakuna mtu.

Nilikuwa nimejifunika WASTARA HAZUMBUKI mpaka kidevuni, tumeshaipita Emali, simu ikalia.

"Mwanangu, sweta waivaa?"

"Naivaa, Mama. Tena yanifukuta."

Akanyamaza kidogo, anasikiliza.

"Na hiyo chapuo," akasema, "apiga nani?"