Kikao cha Ukoo kwa Sababu ya Bigijii

Mama mkwe alitua Portland, Oregon, akitokea Tanga. Chai haijapoa, navua koti, kipakiti kikadondoka miguuni pake. Juu kimechorwa mchezaji aliyetuna shavu. Ndani, nyuzinyuzi zimekatwakatwa kama tumbaku kabisa.

"Baba, ndiyo mambo ya huku haya?" akauliza kwa upole. Upole wa mama mkwe uogope kuliko matusi.

"Ni bigijii tu, mama."

Akapiga simu ya video kwa kaka yake. Hapohapo kikao cha ukoo kikakaa, mimi mshtakiwa, mke wangu yuko jikoni anajiziba mdomo na kanga.

Ikabidi nianzie mbali. Portland hii, kuanzia 1973 hadi 1977, ilikuwa na timu ya besiboli ya ligi ndogo, Mavericks, isiyomilikiwa na klabu kubwa yoyote. Mwenyewe Bing Russell, aliyeigiza naibu sherifu kwenye tamthilia ya Bonanza. Alipotangaza majaribio ya wazi, wakamiminika waliotemwa kila mahali.

"Wahuni, kwa hiyo," akasema mjomba.

"Walikuwa wanashinda, mjomba! Uwanja unajaa! Mpaka ligi ya juu ikautamani mji na kutaka kuwaondoa. Bing akakataa fidia ya kiduchu, shauri likaenda kwa wasuluhishi, akaondoka na dola 206,000."

"Laki mbili za dola!" Mjomba akasogea mpaka kioo kikajaa pua. "Na wahuni walipata ngapi?"

Kesi ilianza kuniendea vizuri, nikaharibiwa na kiherehere cha kumaliza hadithi. Nikaeleza kwamba mrushaji wao, Rob Nelson, hakupenda tumbaku waliyotafuna na kutema wenzake. Akamwambia mchezaji mwenzake, Jim Bouton: kwa nini bigijii isikatwe vilevile na kutiwa kwenye kipakiti? Ikaingia madukani 1980, ikaitwa Big League Chew.

"Kumbe imeigizwa tumbaku. Umesema mwenyewe," mama akanidaka.

Akachota kidogo kwa vidole viwili, akabana chini ya mdomo kwa ustadi ambao sikuutegemea, akafumba macho, akasubiri. Hola.

"Sukari tupu," akasema. Akafungua pindo la kanga, akatoa kikopo cha ugoro. "Huyo Nelson wako angeonja hii."

Simu ikalipuka: "Dada! Umepita nacho viwanja vyote hivyo vya ndege?"