Honi Sebuleni? Shemeji, Niache

Hivi mtu anayekaa Manzese, anaamka na honi, anakula na honi, analala na honi, ananunuaje honi nyingine aiweke sebuleni kwake? Ndilo swali ninalomuuliza shemeji yangu, anayetaka niachane na spika zangu za mnara ninunue spika za honi, naye ananijibu kwa desibeli, kile kipimo cha ukubwa wa sauti.

Asubuhi sijapiga hata mswaki, mkokoteni umeshafika dirishani: "Dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto!" Sauti imerekodiwa, mwenyewe kafunga mdomo, anatafuna andazi. Akipita huyo anakuja wa vyuma chakavu. Mchana linakuja gari la matangazo lenye honi nne juu ya paa, linanadi sabuni. Nilikuwa kwenye simu na mdeni wangu, namdai hela yangu ya halali, akaniuliza hiyo sabuni bei gani.

Shemeji anasema hao ndio ushahidi wake. Eti nimewahi kujiuliza kwa nini muuza dawa ya mende anatumia kibetri kidogo na mtaa mzima unakimbia? Kwa sababu spika ya kawaida ikisukuma hewa, nguvu nyingi inapotea bure. Honi inaanza na koo jembamba, inapanuka polepole mpaka mdomoni, hewa inasukumika vizuri. Ni kama unapomwita mtu aliye mbali ukazungushia mikono mdomoni. Mpaka hapo namwelewa, na inaniuma kumwelewa.

Basi akanipandia na Paul Klipsch, Mmarekani wa Arkansas, ambaye tangu miaka ya 1940 aliuza spika ya honi ya nyumbani, Klipschorn. Hiyo, kwa wati 1, ukiwa mita 1, inatajwa kutoa desibeli 105. Spika za mnara, hizi ndefu nyembamba zinazosimama pembeni ya TV, nyingi zinacheza kwenye 85 mpaka 90. Zangu tuseme 87. Na kila ukitaka desibeli 3 zaidi, unazidisha wati mara mbili. Shemeji akahesabu kwa vidole mbele ya mke wangu: mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne! Yaani kazi anayoifanya Klipsch kwa wati 1, mimi naifanya kwa 64. Mke wangu akanitazama kama vile LUKU yote ya mwaka jana niliila mimi.

Nikamwambia shemeji, wati zangu hata sijui ni ngapi. Boksi la amplifaya liliandikwa wati 10,000 PMPO, eti nguvu ya kilele, lakini kibandiko cha nyuma kinasema inakula umeme wati 60. Hizo nyingine sijui inazikopa kwa nani.

Tukaingia kwenye besi, na hapo ndipo nilipomkamata. Wimbi la sauti nzito ya Hz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo honi ya besi inatakiwa iwe lidude likubwa la kutisha. Klipsch alilikunja ndani ya kabati, kisha akaliegemeza konani ili kuta za chumba zimalizie mdomo wa honi. Yaani spika haijakamilika mpaka umpe nyumba yako! Na ni mbili, kwa hiyo kona mbili, tena za ukuta mmoja. Halafu ukae mbali kidogo ili honi za juu na za chini zisikike kama kitu kimoja. Sebule yangu ni futi 10 kwa 12. Nikikaa mbali nitakuwa barazani kwa watu.

Kona ya kwanza ina friji. Ya pili ina kabati la vyombo ambavyo havijawahi kutumiwa na mtu tangu harusi.

"Baba watoto," akasema mke wangu, "mwambie kaka yangu aanze na kona za kwake."

Mnara hauna makuu. Unasimama penye nafasi ya ndoo, unagawa sauti mpaka aliyekaa kochi la pembeni anapata. Kero yake ni lile tundu la kupumulia besi. Mtoto wetu mdogo kaligeuza stoo: rimoti imo, kijiko kimo, na kuna siku besi ilitoka na harufu ya ndizi.

Shemeji hakubali. Anasema honi ni kwa faida yangu, wati moja tu, hata usiku wa manane nasikiliza bila kelele. Bila kelele! Katika nyumba ambayo ukuta haufiki bati, jirani akikohoa mimi ndiye ninayesema pole.

"Jirani," sauti ikaja juu ya ukuta, "mimi huku kona ninazo mbili, hazina kitu. Leteni hizo honi, mtasikia hukohuko. Ila LUKU mnunue nyinyi."